UZI: Mbwa kwenye picha za wachoraji wakubwa. Tuanze na rangi, "alama ya uaminifu" ije baadaye

#1 Mkaguzi wa Turubai

Wakuu, kila ikiwekwa humu picha ya zamani yenye mbwa, jibu la kwanza huwa lilelile: "mbwa ni alama ya uaminifu." Baada ya hapo hakuna anayetazama tena. Kwenye uzi huu twende kinyumenyume. Tuulize mbwa aliingizwa hatua gani ya kazi, kwa brashi gani, anabeba nini kwenye mpangilio wa picha, na nani alilipa. Kama kuna maana, itajitokeza humo humo.

Tumchukue kwanza yule anayejulikana kuliko wote. Mwaka 1434 Jan van Eyck alichora mtu na mkewe wa ukoo wa Arnolfini, wafanyabiashara wa Kiitalia waliokuwa wakiishi Bruges. Kazi iko National Gallery, London: rangi ya mafuta juu ya mbao za mwaloni, sentimita 82 kwa 60 hivi. Chini katikati yao kuna kijibwa chenye manyoya ya timtimu, kinatutazama sisi. Mwaka 1934 mwanahistoria Erwin Panofsky alikisoma karibu kila kitu cha chumba kile kama ishara ya ndoa, na kijibwa kikaangukia fungu la uaminifu. Tafsiri hiyo iliingia vitabuni na haijatoka.

Sasa tazama ushahidi wa maabara. Miale ya infraredi hupenya tabaka nyingi za rangi na kuishia kwenye mistari ya awali iliyochorwa juu ya jeso, yaani tabaka jeupe la maandalizi. Kwa njia hiyo ilionekana jinsi van Eyck alivyowapanga watu wawili wale, na jinsi alivyobadilisha mkono ulioinuliwa wa mume. Chini ya mbwa hakuna mstari wowote. Amewekwa moja kwa moja kwa rangi. Tena kile kioo cha mviringo ukutani kinaonyesha migongo ya wenye nyumba na watu wengine wawili mlangoni, lakini mbwa hayumo. Kwa mchoraji makini namna ile, mimi nasoma kwamba mbwa hakuwa kwenye hesabu ya kwanza. Ukimziba kwa kidole utaona kwa nini alihitajika: kati ya joho la mume na gauni la kijani panabaki sakafu tupu, na hakuna jicho hata moja linalokutana na lako.

Mfano wa pili ni wa kesi kabisa. Paolo Veronese alichora Karamu ya Mwisho kwa ajili ya ukumbi wa chakula wa watawa wa Santi Giovanni e Paolo, Venice. Ni turubai lenye kimo cha zaidi ya mita 5 na upana wa zaidi ya mita 12. Tarehe 18 Julai 1573 aliitwa mbele ya mahakama ya Inkwizisheni, ile ya Kanisa ya kuhoji wazushi, aeleze wachekeshaji, walevi na askari wa Kijerumani walikuwa wanafanya nini kwenye meza ya Yesu. Ndani ya mahojiano hayo likatajwa pendekezo alilokuwa ameshapewa: amwondoe mbwa wa mbele, amweke Maria Magdalena. Alijibu kwamba angefanya kwa moyo, ila haoni kama umbo hilo lingekaa vizuri pale. Jibu la fundi. Aliamriwa arekebishe kwa gharama zake ndani ya miezi mitatu. Alichofanya ni kubadili jina la kazi ikawa Karamu katika Nyumba ya Lawi, akaandika rejea ya Luka sura ya 5 juu ya jiwe la ngazi. Mbwa yupo hadi leo, nenda Gallerie dell'Accademia utamkuta.

#2 Fundi Fremu

Mkuu, heshima yako, lakini umevuka upande mmoja. Makaburi ya Ulaya ya karne ya 14 na 15 yana simba miguuni pa mashujaa na vijibwa miguuni pa wake zao, kwa mamia. Huo si utaratibu wa kuziba nafasi tupu. Van Eyck na wateja wake waliyaona makaburi hayo kila wakienda kanisani.

#3 Mkaguzi wa Turubai

Nakubali desturi ilikuwepo. Lakini hata huko makaburini nenda karibu. Kanisa la Deerhurst, Gloucestershire, Uingereza, lina bamba la shaba la mwaka 1400 hivi la Sir John Cassy na mkewe Alice. Kijibwa miguuni pa mama huyo kina njuga shingoni, na kando yake limechongwa jina lake: Terri. Mbwa mwenye jina si nembo tena, ni mbwa wa nyumba ile. Mtu alimlipa fundi achonge herufi za ziada.

Habari ya majina ni ya kale sana. Misri, jiwe la kaburi la Mfalme Intef wa Pili wa Nasaba ya 11, miaka kama elfu nne iliyopita, linamwonyesha na mbwa wake, na majina yao yameandikwa pembeni. Mantova, Italia, kwenye chumba alichokipaka mchoraji Mantegna kati ya 1465 na 1474, mbwa aliyelala chini ya kiti cha Ludovico Gonzaga anajulikana kuwa Rubino. Ufaransa, mwaka 1702 François Desportes alichora mbwa wa kuwindia wa Louis XIV kwa ajili ya jumba la Marly, majina yakiandikwa kwa herufi za dhahabu: Bonne, Nonne, Ponne. Desportes alikuwa akifuatana na msafara wa uwindaji na daftari lake, anachora mikao papo hapo. Na huko China, Giuseppe Castiglione, Mjesuiti aliyeitwa Lang Shining kwenye kasri la Mfalme Qianlong, aliwachora mbwa kumi wa mfalme, kila mmoja kwenye hati yake ya kutundika. Ziko Taipei.

Ila kwa maoni yangu mlango wa kumchora mbwa kwa ajili yake mwenyewe ulifunguliwa na Jacopo Bassano. Mwaka 1548 Antonio Zentani wa Venice aliagiza picha ya mbwa wawili wa kuwindia na kitu kingine kisiwepo. Kazi ipo Louvre: mbwa wawili wamefungwa kwenye kisiki, mmoja amelala, mwingine amesimama. Hakuna mtakatifu, hakuna bwana wala bibi. Jaribu kutafuta uaminifu pale. Utapata kamba.

#4 Kalamu ya Makaa

Ongezea *Las Meninas* ya Velázquez wa Hispania, 1656, ipo jumba la makumbusho la Prado, Madrid, sentimita 318 kwa 276. Mbwa mkubwa amelala mbele kabisa kulia, kijana Nicolasito Pertusato amemkanyaga kwa mguu na yeye hata hashtuki. Antonio Palomino, aliyeandika juu ya picha hii mwaka 1724, alisema mambo mawili kuhusu mbwa: kwamba wakati wa kuchorwa alitulia hata akichokozwa, na kwamba umbo lake ni la giza na kubwa na linaipa picha nzima mlingano. Hilo la pili ndilo lenye kazi. Upande wa kushoto kuna turubai refu la giza linaloonekana kwa nyuma. Bila uzito wa kahawia pale kulia chini, picha yote ingelala upande mmoja.

Ukisogea karibu na mbwa yule, nywele hazipo. Kuna mipako mipana ya kahawia na kijivu, halafu miguso michache ya rangi nene pale taa inapoanguka kwenye paji na kwenye bega. Rudi nyuma mita tatu nne, manyoya yanatokea yenyewe.

#5 Mwanafunzi wa Rangi

Wakuu shukrani kwa darasa. Swali la kivitendo: hayo manyoya yanachorwaje hasa kwa rangi ya mafuta? Nikichora kila unywele mbwa anakaa kama jamvi. Nikiacha, anakaa kama sanamu ya udongo.

#6 Brashi Kavu

Tatizo lako ni mpangilio wa hatua. Nywele ni kazi ya mwisho, na ni kidogo kuliko unavyofikiri.

Hatua ya kwanza ni umbo bila nywele. Changanya kahawia ya amba iliyochomwa na buluu ya ultramarini, punguza kwa tapentaini mpaka iwe nyepesi, gawa mwili mzima katika viwango vitatu tu: mwanga, kati, kivuli. Finya macho ukimtazama mbwa au picha yake. Kinachopotea ukifinya hakihitajiki hatua hii. Amba ina manganizi inayoharakisha kukauka, kwa hiyo tabaka hili jembamba hukauka siku moja au mbili. Tumia brashi bapa ya nywele za nguruwe, namba 6 mpaka 8. Ukiwa na brashi ndogo mkononi utaanza nywele kabla ya wakati, hilo halina dawa.

Halafu ramani ya mwelekeo. Kwa mbwa nywele huanzia puani, hupanda katikati ya macho, hurudi nyuma juu ya fuvu, hushuka shingoni, hufuata mgongo hadi mkiani. Mashavuni huelekea nyuma na chini. Kifuani mikondo miwili hukutana na nywele hujizungusha. Chora mishale hafifu juu ya tabaka lililokauka. Wanaokosea mwelekeo hapa hawaokolewi na ufundi wowote wa mbele. Mbwa ataonekana amelowa au amevaa ngozi ya mnyama mwingine.

Tabaka la pili: rangi yenyewe, kwa mipako mipana inayofuata mishale. Mafuta ya kitani sehemu moja kwa tapentaini sehemu mbili. Tabaka za juu ziwe na mafuta mengi kuliko za chini, kamwe si kinyume. Tabaka la mafuta mengi hubaki na mwendo kwa muda mrefu, na ukiweka juu yake rangi kavu isiyo na mafuta, ile ya juu hupasuka.

Nywele sasa. Ziweke sehemu tatu tu: kwenye mpaka wa mwanga na kivuli, kwenye ukingo wa mwili dhidi ya mandhari ya nyuma, na pale fungu moja la manyoya linapolalia jingine, kama shingo juu ya bega. Katikati ya eneo lenye mwanga kamili acha. Katikati ya kivuli acha. Brashi nyembamba ya nywele laini, namba 1 au 2, rangi iliyolainishwa kwa mafuta mpaka iteleze bila kudondoka. Vuta kutoka shina kwenda ncha, na mkono uinuke kabla mstari haujaisha ili ncha ichongoke. Zifanye kwa mafungu ya urefu tofauti, yanayopishana. Brashi ya kipepeo, ile iliyotandazwa kama upepeo, inauzwa kwa kazi hii na ndiyo inayoharibu: huacha mistari yenye nafasi sawa, kitu ambacho hakipo kwenye ngozi ya mnyama yeyote.

Kwa manyoya laini fanya kazi rangi ikiwa mbichi, giza kwanza, mwanga uingie ndani yake. Kwa mbwa wa nywele ngumu subiri tabaka la chini likauke, kisha buruta rangi nzito kwa brashi iliyofutwa karibu yote kwenye kitambaa. Na kuna njia ya kukwaruza: Rembrandt, kwenye picha yake mwenyewe ya ujanani ya 1628 hivi iliyoko Rijksmuseum, alichora nywele zinazong'aa kwa kuparuza rangi mbichi kwa mpini wa brashi hadi tabaka la chini lionekane. Kwa masharubu ya mbwa ni bora kuliko brashi yoyote.

#7 Mwanafunzi wa Rangi

Mbwa mweusi je? Na mweupe?

#8 Brashi Kavu

Mweusi: usianze na nyeusi ya kwenye tyubu. Nyeusi ya mifupa hukauka polepole mno, na ukiipaka nene halafu ukaweka juu yake rangi inayokauka haraka, inapasuka. Tena inaua umbo, kwa sababu huna tena pa kushuka ukitaka kivuli. Tumia ultramarini na amba iliyochomwa, uiweke nyeusi halisi kwenye tundu la pua na mstari wa midomo basi. Manyoya meusi yanayong'aa huakisi kilicho juu yake. Nje mchana mng'ao wake ni wa kibuluu, ndani kwenye taa ya balbu ni wa njano-kahawia. Ukitumia nyeupe tupu kwa mng'ao, mbwa anapata mvi.

Na mafundi wa Uingereza wa karne ya 19 wametuachia onyo. Wengi walipenda lami ya asili kama rangi ya kahawia ya kina, maana ikiwa mbichi inapendeza ajabu. Haikauki kamwe sawasawa. Baada ya miaka uso wa picha hujikunja na kupasuka kwa mafungu kama ngozi ya mamba, na hakuna mhifadhi anayeweza kurudisha.

Mweupe: msome mchoraji Jean-Baptiste Oudry. Mwaka 1749 aliwaambia wenzake wa Akademia ya wachoraji ya Paris kwamba ukitaka kujua weupe wa chombo cha fedha, kiweke kando ya vitu vingine vyeupe: kitambaa, karatasi, kauri. Hapo kila kimoja kinajitangaza rangi yake. Kwa mbwa mweupe fanya vivyo hivyo, weka karatasi nyeupe kando yake. Utakuta manyoya ni ya maziwa au ya kijivu-waridi, na kivuli chake kimechukua rangi ya sakafu. Kazi ya Oudry ya kuonea hilo ni ile ya mbwa jike ananyonyesha watoto, iliyoonyeshwa kwenye Saluni ya Paris, maonyesho ya sanaa, mwaka 1753 na kununuliwa na Baron d'Holbach. Mwanga unaingia kutoka upande mmoja, watoto wamezama kwenye kivuli cha mama yao, na weupe halisi kwenye turubai lote ni kidogo sana.

#9 Kalamu ya Makaa

Kabla ya manyoya kuna mifupa, na hapo ndipo wengi huanguka. Mbwa hutembea kwa vidole. Ile kona ya mguu wa nyuma inayotazama nyuma, ambayo watu husema ni "goti lililogeuzwa", ni kisigino. Goti lenyewe liko juu, karibu na tumbo, linatazama mbele kama letu. Mguu wa mbele hivyo hivyo: kile kiungo cha katikati ni kifundo cha mkono, kiwiko kiko juu kimebana kifua. Na bega la mbwa halijaungwa na kifua kwa mfupa, linaning'inia kwenye misuli, ndiyo maana linateleza mbele na nyuma anapotembea na mstari wa mgongo hupanda na kushuka.

Macho: weupe wa jicho la mbwa hauonekani isipokuwa pembeni kidogo. Ukiuzungusha pande zote anakuwa mtu aliyevaa kinyago. Tia kivuli cha kope ya juu juu ya mboni, nukta moja ya mwanga upande wa dirisha, na upande wa pili chini ing'arishe rangi ya mboni kidogo maana mwanga umepita ndani. Nukta mbili ni kosa la kunakili picha za studio.

Jambo la mbio. Kwa karne nyingi farasi walichorwa wakiruka huku miguu ya mbele imenyooshwa mbele na ya nyuma imenyooshwa nyuma, yote hewani. Picha za kamera za Eadweard Muybridge zilivunja imani hiyo: farasi huwa hewani miguu ikiwa imekunjwa chini ya tumbo. Watu wakahitimisha kuwa mkao ule ni uongo kwa wanyama wote. Kwa mbwa wa mbio, greyhound na ndugu zake, ni kweli! Hupaa mara mbili katika kila mzunguko wa mbio, mara moja akiwa amekunjamana, mara moja amenyooka wote. Kwa hiyo kwenye picha za zamani za uwindaji unaweza kukuta farasi amekosewa na mbwa pembeni yake yuko sahihi, kwa mkao uleule.

Giacomo Balla mwaka 1912 alilimaliza kwa njia nyingine: kijibwa chenye miguu mifupi kwenye mnyororo, miguu yote ikirudiwarudiwa mpaka ikawa ukungu, mnyororo ukawa mawimbi, na miguu ya mwenye mbwa vilevile. Ipo Buffalo, Marekani.

#10 Binti Shela

Assalaam alaykum. Mmezunguka Ulaya yote, mmesahau kwamba mbwa mmoja ametajwa ndani ya Qur'ani kwa mkao wake. Suratul Kahf, aya ya 18: vijana wamelala pangoni na mbwa wao amenyoosha miguu yake ya mbele kizingitini. Kwa mchoraji hayo ni maelekezo kamili. Wachoraji wa Iran wakayafanyia kazi kwenye vitabu, mfano Falnama (kitabu cha kupiga ramli) ya miaka ya 1550, ukurasa ambao sasa uko Metropolitan Museum, New York, wale waliolala wamejikunja pangoni na mbwa wao yumo pamoja nao. Hapo hakuna anayejadili unajisi, mbwa ni sehemu ya kisa.

Ufundi wake ni tofauti na wa mafuta: karatasi iliyosuguliwa kwa jiwe mpaka ing'ae, rangi za unga na gundi, brashi ya nywele za mkia wa kindi zilizochaguliwa hadi ncha inabaki nyembamba kabisa. Rangi ya namna hiyo haisubiri, ikigusa karatasi imekauka. Kwa hiyo manyoya hujengwa kwa nukta na vistari vidogo juu ya rangi bapa.

#11 Mkaguzi wa Turubai

Waalaykum salaam dada. Ahsante, hiyo nilikuwa sijaiweka. Na angalia tena: kizingitini. Mbwa wa mpakani, nusu ndani nusu nje. Pompeii nako, mji wa kale wa Kirumi, mbwa wa mozeki (picha ya vijiwe) wa Nyumba ya Mshairi wa Tanzia, mwenye maandishi *cave canem*, "jihadhari na mbwa", yuko sakafuni pale unapoingilia.

#12 Fundi Fremu

Mimi nangoja yule wa Goya, mchoraji wa Hispania. Huwezi kufungua uzi wa mbwa ukamwacha.

#13 Mkaguzi wa Turubai

Nilimwacha kwa makusudi maana yeye ndiye mtihani mgumu wa hoja yangu. Kichwa kimoja cha mbwa, kinachomoza juu ya ukingo wa kahawia ulioinama, na juu yake uwanja mtupu wa njano chafu. Sentimita 131 kwa 79. Watu wamemwandikia falsafa nzima: upweke, kifo, Mungu aliyenyamaza. Labda. Lakini kumbukeni Goya hakumchora kwenye turubai wala hakumpa jina. Kati ya 1819 na 1823 alipaka picha 14 juu ya lipu ya kuta za nyumba yake nje ya Madrid, Quinta del Sordo. Mwaka 1874 mwenye nyumba mpya, Baron Émile d'Erlanger, alimwajiri Salvador Martínez Cubells azing'oe na kuzihamishia kwenye turubai. Zilionyeshwa Paris mwaka 1878, na mwaka 1881 zikaingia mikononi mwa serikali ya Hispania kwa ajili ya Prado.

Kung'oa picha ukutani, kwa ujumla wa kazi hiyo, ni kubandika kitambaa juu ya uso wake kwa gundi ya wanyama. Gundi ikikauka hunywea na kuvuta rangi itoke kwenye lipu. Unavua, unabandika turubai kwa nyuma, kisha unalowesha kitambaa cha mbele kwa maji moto kiachie. Yanayoharibika yanajulikana: rangi nyembamba hubaki ukutani, nene huvunjika vigae, na ukigandamiza turubai jipya miinuko ya brashi inalala. Matundu huzibwa kwa rangi mpya. Zipo picha za kamera alizopiga Jean Laurent kuta zile zikiwa bado hazijaguswa. Mtu asizungumzie "utupu" wa mbwa yule kabla ya kuzilinganisha na turubai la leo, sehemu kwa sehemu. Kichwa chenyewe ni cha Goya, hilo brashi yake inasema: mguso wa mwanga juu ya jicho, sikio lililolazwa nyuma, basi.

#14 Msanii wa Msasani

Wakuu, wengi wetu hapa Dar hatuna mwaloni wala tyubu za mafuta. Mtu anataka kuchora mbwa kwa enameli juu ya hadibodi, njia ya Edward Saidi Tingatinga. Yeye alitumia rangi za kupakia baiskeli. Naweka yanayohusu enameli, maana maelekezo ya #6 yakihamishwa moja kwa moja yataharibu kazi.

Bodi ya futi 4 kwa 8 inatoa vipande 8 vya futi 2 kwa 2 bila mabaki. Tumia upande laini, piga msasa namba 220 mpaka mng'ao uishe, futa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu, ngoja. Paka tabaka la kwanza mbele, nyuma na kingo zote nne. Wanaoacha nyuma wazi ndio ambao bodi zao zinapinda msimu wa mvua, kwa sababu upande mmoja unanywa unyevu na mwingine hapana.

Enameli hujisawazisha yenyewe. Mguso wa brashi unalala ndani ya dakika chache, kwa hiyo ile mbinu ya kuingiza mwanga ndani ya giza bichi haifanyi kazi, itakuwa uji. Paka umbo lote bapa, liache saa 24 likauke, wakati wa mvua masika liache zaidi. Kisha nywele kwa vistari juu yake, brashi ndefu ya waandika mabango, rangi ya kopo bila kupunguzwa sana. Ukitia thina nyingi mstari unatandaa na kupoteza ncha. Petroli usiitumie kamwe kupunguzia, inafubaza mng'ao na ni hatari ya moto. Na usipake rangi ya mafuta ya kitani juu ya enameli inayong'aa bila kuikwaruza kwanza, itabanduka kama ganda.

Kuonyesha mviringo wa tumbo tumia rangi tatu za jamii moja, kila moja kwenye tabaka lake, vistari vikiwa vifupi kadiri unavyokaribia ukingo.

#15 Mzee Santuri

Mmechelewa kumtaja mbwa aliyeingia nyumba nyingi za pwani hii kuliko mbwa wa mchoraji mwingine. Sahani za santuri za kampuni ya His Master's Voice: mbwa mweupe mwenye masikio meusi anasikiliza pembe. Siti binti Saad alirekodiwa na kampuni hiyo Bombay mwaka 1928, sahani zikarudi Unguja.

Picha ile iliuzwa kwa sharti la kurekebishwa. Mbwa ni Nipper, aliyekufa mwaka 1895. Baada ya kifo chake Francis Barraud alimchora akisikiliza fonografu ya silinda, mashine ya sauti isiyotumia sahani. Mwaka 1899 alikwenda kwa kampuni ya Gramophone London kuazima pembe ya shaba ili picha ivutie zaidi. Meneja William Barry Owen akasema atainunua kama ile mashine itafutwa na kuwekwa gramafoni yao. Barraud akapaka juu. Pauni 50 kwa picha, pauni 50 kwa haki zake. Baadaye alitengeneza nakala 24.

#16 Mwanafunzi wa Rangi

Mzee Santuri, shikamoo. Hiyo mashine ya kwanza bado inaonekana?

#17 Mzee Santuri

Marahaba. Inaonekana kwenye ile ya asili, mwanga ukipigwa kwa pembe sahihi. Nakala hazina, kwa sababu zilichorwa gramafoni ikiwa tayari.

#18 Mkaguzi wa Turubai

Na hilo unaweza kulijaribu kwa picha yoyote ya mafuta, bila maabara. Chumba kiwe giza, tochi ya simu iweke karibu na ukuta wa picha kiasi kwamba mwanga unapita juu ya uso wake karibu sambamba, nyuzi 10 mpaka 15. Zungusha tochi pande nne polepole. Kingo za umbo lililofunikwa hutokea kama matuta yasiyofuata mchoro wa juu. Usipige na flashi ya mbele, inafuta kila kitu.

Ukiwa na tochi ya urujuanimno ya nanomita 365, vanishi ya zamani ya utomvu itang'aa kijani-njano, na marekebisho yaliyopakwa juu ya vanishi yataonekana madoa ya giza. Vaa miwani ya kukinga. Ila tochi hiyo haioni kilicho chini ya vanishi. Mabadiliko ambayo mchoraji aliyafanya mwenyewe, kama ya Barraud, yatafute kwa mwanga wa pembeni, au kwa infraredi kama chini kuna mkaa au grafiti. Simu nyingi zina kichujio kinachozuia infraredi, kwa hiyo wale wanaouza "programu ya kuona mchoro uliofichwa" wasiwale hela zenu.

Kwenye picha za mbwa anza na makucha na ncha ya mkia. Hapo wachoraji huweza kubadili mawazo.